Kasuku anaponyonyoka: mlishe vizuri, manyoya mapya hayangoji

KUNA asubuhi ambayo kila mwenye kasuku huifahamu. Unafunua kizimba na kukuta manyoya yametapakaa chini, mengine madogo kama pamba, mengine marefu ya bawa au mkia. Kichwani na shingoni mwa ndege kumejitokeza vijiti vidogo vyeupe mfano wa miiba. Ndege mwenyewe amenuna, hataki kuguswa, na kutwa nzima anajikuna. Wengi hushtuka wakadhani kasuku anakufa. Wengine hukimbilia duka la dawa kuuliza kama kuna mafuta ya kumpaka.

Mara nyingi hakuna ugonjwa. Kasuku ananyonyoka, yaani anaangusha manyoya yaliyochakaa ili aote mengine. Ni jambo la kawaida kwa ndege wote, kuanzia kuku hadi tai. Hata hivyo, kwa mwili wa ndege huu ni wakati wa gharama kubwa, na gharama hiyo hulipwa kwa chakula. Asipopata chakula kinachofaa katika majuma haya, atavaa manyoya mabovu kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo, na ndege mgonjwa simtibu. Ila misingi ya lishe ni ile ile kwa mtoto na kwa kasuku, na kasuku huishi chumba kimoja na watu ninaowatibu. Kwa sababu hizo mbili nimeona leo tujifunze jambo hili: kasuku anayenyonyoka alishwe nini, asilishwe nini, na watu wa nyumba wajilinde vipi.

UNYOYA UMETENGENEZWA NA NINI?

Tazama ukucha wako. Huo ni keratini, aina ya protini ngumu. Unywele wako ni keratini pia, na hali kadhalika unyoya wa ndege. Takriban asilimia 90 ya unyoya ni protini hiyo. Na manyoya si kitu kidogo kama yanavyoonekana yakipeperuka: kwa ndege wengi, manyoya yote yakikusanywa na kupimwa huwa mazito kuliko mifupa yote ya ndege huyo. Sasa fikiria mwili unaotakiwa kujenga upya vazi zito kuliko mifupa yake, na huku ndege anaendelea kula, kupumua na kujipasha joto kama siku zote.

Wasomaji waliowahi kumwona mtoto mwenye kwashakoo, ule utapiamlo mkali unaovimbisha miguu, watakumbuka nywele zake. Hugeuka rangi, huwa nyepesi, na hung'oka bila kuvutwa kwa nguvu. Mwili uliokosa chakula cha kutosha huulinda kwanza moyo na ubongo. Nywele hunyimwa mapema. Mwili wa kasuku hufanya vivyo hivyo, na kinachonyimwa ni manyoya.

Kuna jambo jingine la kuelewa. Unyoya unapoota huwa hai, una damu ndani ya kijiti chake. Ukishakomaa, damu hukatika na unyoya hubaki kitu kikavu, kisicho na uhai. Kuanzia hapo hakuna chakula, dawa wala mafuta yanayoweza kuutengeneza. Ukiushika kwenye mwanga na kuona mistari myembamba inayoukata kutoka upande mmoja hadi mwingine, ujue kwamba siku ule mstari ulipokuwa ukijengwa, ndege alikuwa na njaa, ugonjwa au hofu kubwa. Unyoya huvunjika kwa urahisi mahali hapo. Mstari huo hautafutika mpaka unyoya uanguke na mwingine uote.

Kwa hiyo unyoya ni kumbukumbu ya chakula cha majuma yaliyopita. Huwezi kuisahihisha baadaye. Unachoweza ni kulisha vizuri wakati inapoandikwa.

ANANYONYOKA AU ANAJINYONYOA?

Kabla hatujaingia jikoni, hakikisha unajua unachokiona. Kasuku mwenye afya hanyonyoki akabaki uchi. Manyoya huanguka machache machache, na yale makubwa ya mabawa huelekea kuanguka kwa jozi, moja kulia na moja kushoto, ili ndege asishindwe kuruka. Kwa kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, kazi hii huenda polepole na kuchukua miezi kadhaa. Nchi za mbali na ikweta, urefu wa mchana hubadilika sana na ndege hufuata majira hayo. Hapa kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo usitegemee mwezi maalum.

Ukiona ngozi tupu, mfano kifuani au mapajani, huko si kunyonyoka kwa kawaida. Mtazame kichwani. Ikiwa manyoya ya kichwa ni mazuri kabisa na kifua kiko uchi, basi huenda ndege anajinyonyoa mwenyewe, kwani kichwani mdomo wake haufiki. Sababu ni nyingi: upweke, kuchoshwa na kizimba, hofu, ugonjwa wa ngozi, ugonjwa wa ini au chakula kibaya. Ikiwa hata kichwani yametoka na mapya yanaota yamejikunja au yamebanwa shingoni mwa kijiti, huenda ni ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo wa kasuku. Hayo yote ni kazi ya daktari wa mifugo, na usiyacheleweshe kwa kujaribu vyakula.

MBEGU ZA ALIZETI HAZITOSHI

Ukimuuliza mwenye kasuku mjini anamlisha nini, mara nyingi utajibiwa: mbegu za alizeti, njugu karanga, na chochote kinachobaki mezani. Kasuku huzipenda mno mbegu za alizeti. Lakini mtoto pia anapenda peremende.

Karibu nusu ya uzito wa kiini cha mbegu ya alizeti ni mafuta. Kalsiamu yake ni kidogo, na vitamini A karibu haimo. Protini ipo, ila ina upungufu wa laisini, moja ya zile asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ndege wa porini anayeruka kilomita nyingi kwa siku huyatumia mafuta hayo. Ndege aliyekaa juu ya kijiti sebuleni huyaweka ini. Matokeo yake ni ndege mnene kwa nje, mwenye njaa kwa ndani, na manyoya yasiyo na mng'ao.

Kasuku wa kijivu asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Katika misitu ya Kongo hula mbegu na matunda ya aina nyingi, yakiwemo matunda ya mchikichi, yale yatoayo mawese. Nyama ya chikichi ni nyekundu kwa sababu imejaa viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ndege aliyeumbwa kwa chakula hicho amewekwa mbele ya kikombe cha alizeti. Si ajabu akipungukiwa.

PROTINI: SOMO LA GITHERI

Protini imejengwa kwa asidi amino, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali ya namna mbalimbali. Tofali la namna moja likikosekana, ujenzi husimama hata kama mengine yamejaa. Mahindi yana upungufu wa laisini. Maharagwe yana laisini ya kutosha, ila yana upungufu wa methionini. Ndiyo maana githeri ni chakula bora kuliko mahindi peke yake au maharagwe peke yake.

Kwa kasuku anayenyonyoka, methionini na nduguye sisteini zina umuhimu wa pekee, kwa sababu ndizo zenye salfa, na salfa ndiyo inayofunga nyuzi za keratini zikawa imara. Sasa zipatikane wapi? Yai ni jibu la kwanza. Lichemshe mpaka liive kabisa, ulipondeponde. Kasuku wa kijivu mpe kijiko kimoja cha chai, mara mbili au tatu kwa juma. Wale kasuku wadogo wanaofugwa wawili wawili, chembe kidogo kama punje ya dengu yatosha. Simsim nayo ina methionini nyingi kuliko jamii ya maharagwe. Nyunyiza kidogo juu ya chakula. Kipande kidogo cha kuku au samaki aliyeiva, bila chumvi wala mafuta, pia hufaa mara moja moja.

Ndengu na kamande ni nafuu na hupatikana kila soko. Zipike mpaka ziwe laini. Maharagwe mekundu yasipikwe nusunusu, kwa maana maharagwe mabichi yana sumu inayoharibu utumbo, kwa mtu na kwa ndege. Yaloweke usiku, umwage maji, kisha uyachemshe hasa.

Usizidishe. Ndege hahitaji kugeuzwa mla nyama. Protini nyingi kupita kiasi huyapa mafigo mzigo wa kutoa taka. Lengo ni protini bora, kidogo kila siku.

VITAMINI A: RANGI YA MALENGE

Wazazi wanajua kwamba watoto wa Kenya wa kati ya miezi 6 na miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Vitamini hii hulinda macho, na pia utando laini wa pua, koo na mapafu. Kasuku aliyelishwa mbegu tupu huikosa mara kwa mara. Dalili zake ni ngozi kavu, manyoya yaliyofifia, madoa meupe mdomoni, na mafua yasiyokwisha.

Dawa yake iko sokoni. Tafuta rangi ya njano iliyoiva au ya kijani iliyokolea: malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maembe, mapapai, pilipili hoho nyekundu, sukuma wiki. Malenge na viazi vitamu vipikwe. Sukuma wiki ioshwe vizuri, kwani huenda ilinyunyiziwa dawa shambani.

Usiogope pilipili kali. Ndege hausikii ule mwasho unaotuchoma sisi, kwa kuwa neva zake haziutambui. Kasuku atatafuna pilipili nyekundu mbegu na yote akiwa ametulia, nayo ina vitamini A nzuri. Ila usikubali akubusu baada ya mlo huo.

Hapa nijibu swali linaloulizwa sana: je, chakula chekundu kitamwongezea kasuku wekundu wa mkia? La. Heroe, wale flamingo wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, hupata rangi yao ya waridi kutoka kwa chakula. Kasuku ni tofauti. Rangi zake nyekundu na njano hutengenezwa na mwili wake mwenyewe, kwa namna ambayo haijaonekana kwa jamii nyingine za ndege. Karoti itampa unyoya wenye afya. Haitampaka rangi. Aliye na kasuku wa kijani akaona manyoya yanaota na weusi usio wa kawaida, asitafute chakula cha rangi. Amwonyeshe daktari wa mifugo, maana huenda ini lina shida au lishe ni duni.

KALSIAMU NA JUA

Kasuku wa kijivu ana udhaifu mmoja unaojulikana: kalsiamu yake ya damu hushuka kwa urahisi. Ikishuka sana, ndege hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, na hata hupatwa na degedege kama mtu mwenye kifafa. Ukiona hivyo, usingoje kesho.

Kwa kuzuia, weka kizimbani kile kifupa cheupe cha dome, mnyama wa jamii ya pweza na ngisi, kinachookotwa katika fuo za Pwani na kuuzwa katika maduka ya vyakula vya ndege. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, ni badala nzuri. Sukuma wiki ina kalsiamu inayoingia mwilini vizuri. Spinachi na mchicha zina kalsiamu, lakini zina pia asidi inayoikamata isitumike. Zipe nafasi mara chache.

Kalsiamu haifanyi kazi bila vitamini D, na vitamini D hutokana na jua. Hapa wakazi wa vyumba vya ghorofa hukosea. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha lina mwanga na joto, lakini ile miali inayotengeneza vitamini D huzuiwa na kioo. Mtoe ndege kibarazani, akiwa ndani ya kizimba kilichofungwa, apigwe na jua la asubuhi nusu saa hivi. Upande mmoja wa kizimba uwe na kivuli ili aweze kukimbilia, na asiachwe peke yake: paka na mwewe hawana likizo.

SAHANI YA SIKU MOJA

Huu ni mfano kwa kasuku wa kijivu, ambaye uzito wake huwa kama gramu 400 hadi 500. Ndege mdogo apunguziwe kwa kadiri ya mwili wake.

ASUBUHI, wakati ana njaa: vijiko viwili vya mezani vya githeri laini, au wali wa hudhurungi na ndengu, isiyo na chumvi wala mafuta. Changanya na kijiko cha malenge au karoti na majani ya sukuma wiki yaliyokatwakatwa. Siku za yai, ongeza kijiko chake cha chai. Chakula hiki kibichibichi kiondolewe baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu huchacha upesi na kuzaa vijidudu.

MCHANA: kipande cha papai, embe au pera. Matunda yasizidi mboga. Sukari yao ni nyingi.

JIONI: kijiko kimoja cha mbegu mchanganyiko, kama mtama, wimbi, simsim, na alizeti chache. Iwapo una uwezo wa kununua zile punje maalum zilizotengenezwa kwa ajili ya kasuku, zinaweza kuwa nusu ya chakula chake au zaidi, na mboga ziendelee. Mwenye kumpa punje hizo asimwongezee dawa za vitamini.

Maji safi yabadilishwe mara mbili kwa siku. Mnyunyizie ndege maji matupu ya uvuguvugu kama manyunyu, mara kadhaa kwa juma, mchana ili akauke kabla ya usiku. Maji hulainisha ala zinazofunika manyoya mapya, naye huzitoa kwa mdomo bila kuwashwa sana. Mfunike mapema alale saa 10 hadi 12. Kasuku anayekeshwa na televisheni hajengi manyoya mazuri.

Ndege aliyezoea alizeti hatakubali malenge siku ya kwanza, wala ya tano. Usimshindishe na njaa. Ndege mdogo huishiwa nguvu haraka. Punguza mbegu kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Kula malenge mbele yake ukionyesha raha, kwa sababu kasuku hula kwa kuiga wenzake, na wewe ndiye mwenzake.

Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu. Mpime mara moja kwa juma, asubuhi kabla hajala, uandike. Manyoya huficha kukonda. Ndege wa gramu 450 aliyepungua gramu 45 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 aliyepungua kilo saba. Huyo apelekwe kwa daktari.

USIMPE HIVI

Avokado. Tunda hili limejaa masoko yetu, na kwetu sisi ni chakula bora. Kwa kasuku ni sumu inayoharibu moyo, na huweza kumwua kwa siku moja au mbili. Tunda, ganda na majani, vyote vikae mbali.

Chai, kahawa, chokoleti na pombe. Kijiko cha chai ya maziwa anachopewa kasuku kwa mzaha kina kafeini, sukari, na maziwa ambayo utumbo wa ndege hauwezi kuyameng'enya.

Chumvi, vitunguu, chipsi na krisipsi. Mwili wa nusu kilo hauna mahali pa kuweka chumvi ya mezani petu.

Njugu na mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yalisababisha watu 317 kuugua katika eneo la Ukambani, na 125 kati yao wakafa. Sumu ile ya aflatoksini hushambulia ini, na kupika hakuiondoi. Ndege ni dhaifu kuliko mtu mbele ya sumu hii. Nunua njugu unazoweza kula mwenyewe, umpe chache, na zenye rangi au harufu ya kutilia shaka zitupwe, zisigeuzwe chakula cha ndege.

Vitamini za watu. Nimeulizwa kama dawa ya maji ya watoto inafaa. Vitamini A na D zikizidi hukaa mwilini na kuwa sumu. Kipimo cha mtoto wa kilo 15 ni mara 30 ya kile ambacho ndege wa nusu kilo angestahili, hata tukichukulia kwamba miili yao inafanana, nayo haifanani.

Usimpake mafuta ya nazi, ya taa wala ya nywele. Manyoya yaliyoshikana kwa mafuta hayahifadhi joto, na ndege huyala anapojisafisha. Wala usimng'oe manyoya mapya. Unyoya unaoota una damu, ukivunjika huchuruzika. Ikitokea, bana mahali hapo kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa, na damu isipokoma mwite daktari wa mifugo.

WATU WA NYUMBA WAJILINDE

Wakati wa kunyonyoka, vumbi jeupe huongezeka. Ni ala za manyoya mapya zilizosagika, na kasuku wa kijivu kwa asili yake ana unga mwingi hata siku za kawaida. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Wapo pia watu ambao, baada ya kuvuta vumbi hili kwa miezi au miaka, mapafu yao huvimba na kuanza kukauka. Hukohoa na kuhema wakipanda ngazi. Kizimba kisiwekwe chumba cha kulala wala jikoni. Usifagie manyoya yakiwa makavu. Lowesha kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji, na unawe mikono kwa sabuni. Mwenye kifua kibovu amwachie mwingine kazi hiyo.

Kuna pia homa ya kasuku. Huletwa na bakteria wa jamii ya klamidia, lakini si ile klamidia ya zinaa, kwa hiyo mume na mke wasigombane. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea nchi nyingi za Ulaya na Marekani kupitia kasuku waliouzwa kutoka Amerika Kusini. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la kinyesi au manyoya ya ndege mgonjwa. Siku tano hadi 14 baadaye huja homa, kuumwa kichwa sana, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu.

Utaona hatari iliyopo. Homa na kichwa kuuma hapa kwetu huitwa malaria au homa ya matumbo, na mgonjwa hurudi nyumbani na dawa zisizomfaa. Dawa sahihi zipo na huponya, nyingi zikiwa za jamii ya tetrasaiklini. Lakini daktari hawezi kuufikiria ugonjwa huu kama hajui una ndege. Ukiugua homa na una kasuku, sema hivyo mara tu unapoketi mbele ya daktari, hata kama hajauliza. Sentensi hiyo moja yaweza kukuokoa.

Na upande wa pili: usimpikie kwa kikaango kisichoshika chakula ndege akiwa karibu. Kikaango hicho kikiunguzwa bila kitu ndani hutoa mvuke usiomsumbua sana mtu, ila huua ndege kwa dakika chache. Moshi wa jiko, sigara na dawa ya mbu pia ni adui wa mapafu yake.

JE, UNA KIBALI?

Mwisho ni sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu ufuge mnyamapori bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwaka 2016, nchi zilizokutana Johannesburg zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa porini, na marufuku hiyo ikaanza Januari 2017. Ndege hawa wamepungua mno, na wengi wanaonaswa hufa njiani kabla ya kuuzwa. Usinunue kasuku wa kijivu kutoka kwa mtu asiye na karatasi, hata akikuhurumisha kwa kisa gani. Aliye naye tayari na hana kibali, awaendee KWS awaulize.

YA KUSHIKA

Weka mambo haya kichwani. Kunyonyoka ni kawaida, ngozi tupu si kawaida. Unyoya ni protini: yai, ndengu, githeri. Vitamini A iko kwenye malenge na sukuma wiki. Kalsiamu haifai kitu bila jua lisilopita kiooni. Avokado ni sumu. Vumbi lipanguswe na maji, na daktari wako ajue una ndege.

Ukianza leo, manyoya yaliyokwisha kuota hayatabadilika. Tazama yale yatakayoota majuma yajayo. Okota moja litakapoanguka mwakani, ulishike kwenye mwanga, usome.